Majibu ya Nathalie

Mtu aliyemfundisha Gisèle kompyuta hakuwa mwongeaji. Aliitwa Néhémie, lakini pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na hata mjini Mbarara alikofundisha, Wakongomani wote walimwita Papa Nathalie, kama ilivyo kawaida yao kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyo Nathalie mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Mwanzoni watu waliulizana kwa sauti ya chini, halafu wakaacha, maana kambini kila nyumba ilikuwa na jina lisilo na mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1999. Gisèle alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameingia Nakivale mwaka uliotangulia pamoja na mama yake, Perpétue, wakitokea Uvira, Kongo. Baba yake hakufika. Walipewa kiwanja Kashojwa, kimoja cha vijiji vya kambi, wakajenga kibanda cha udongo na turubai, wakaanza kulima maharage. Jumapili moja baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba kanisa limepata kompyuta kuukuu kutoka Ulaya, kwamba zimewekwa kwenye ukumbi huko Mbarara, na kwamba vijana waliofika sekondari wanaweza kwenda kujifunza. Wangelala palepale katika ua wa kanisa na kurudi kambini mwisho wa mwezi. Perpétue alimgeukia binti yake kabla mchungaji hajamaliza.

"Utaenda," alisema. "Jembe nitabaki nalo mimi."

Kompyuta zenyewe zilikuwa nzito kama mafiga, na vioo vyake vilikuwa vyeusi vyenye maandishi ya kijani. Zilinguruma zikiwashwa, na zilinuka vumbi lililoungua. Hazikuwatosha wanafunzi, na umeme wa Mbarara ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga. Papa Nathalie hakusumbuliwa na hayo. Alisimama mbele yao amevaa koti hata jua likiwa kali, akawagawia karatasi na kalamu.

"Mutaandika hapa kwanza," aliwaambia. "Mashine ni ya mwisho."

Yeye alisomea Kinshasa, enzi za Zaire, alikopelekwa na kiwanda kilichomwajiri. Aliwasimulia kwamba wakati huo kompyuta ilikaa ndani ya chumba chake peke yake, chenye baridi ya kutengenezwa, na wanafunzi walikaa nje. Kila mstari wa programu ulitobolewa kwenye kadi moja ngumu. Ukishamaliza kutoboa, unapitisha kadi zako dirishani kama mtu anayepeleka nguo kwa dobi, unaenda kulala, kesho yake unarudi kuchukua jibu. Tundu moja likikosewa, hakuna jibu. Siku moja mwenzake aliteleza kwenye ngazi, kadi zikamwagika zote, na yule kijana akakaa chini akalia kama aliyefiwa, kwa sababu hakuwa ameziandika namba.

"Mashine haina haraka," alisema Papa Nathalie, "na haina huruma. Inajua tu ile umeiambia."

Maneno ya amri yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuielewa, hivyo aliyageuza yote. Aliwafundisha *kama*, na *basi*, na *la sivyo*. Kama mtu amejibu ndiyo, basi fanya hivi. La sivyo, fanya vile. Hilo *la sivyo* ndilo alilolirudia kuliko yote.

"Muntu atakuja kuiuliza kitu ambacho wewe haukufikiria," alisema. "Lazima atakuja. Sasa, umeiachia jibu gani ya kusema?"

Programu ya kwanza ya Gisèle iliuliza jina la mtu, kisha ikamsalimu. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, kioo kiliandika JAMBO GISELE, bila ile alama juu ya herufi, maana mashine haikuijua. Alilisoma mara nyingi. Tangu Uvira hakuna sauti mpya iliyowahi kumwita kwa jina lake bila kutaka kitu kwake, si askari wa mpakani, si mgawa chakula. Alijua ni yeye mwenyewe aliyeandika salamu ile. Hata hivyo aliitikia kwa mdomo, "Jambo," na wenzake wakamcheka.

Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewaacha wote nyuma. Papa Nathalie alianza kumwachia kazi ngumu, na alipokosea hakumwambia kosa liko wapi. Alisema tu, "Soma tena," akaenda zake.

Alasiri moja wanafunzi walipokuwa kwenye maombi, Gisèle alirudi ukumbini kuchukua sweta aliyoisahau. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya pembeni, ile ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Alikuwa akiandika polepole kwa kidole kimoja, yeye ambaye siku zote aliandika kwa vidole vyote. Gisèle alisimama nyuma yake akaona kioo.

NATHALIE UKO?

NIKO PAPA.

UMEKULA?

NIMEKULA BUGALI NA SAMBAZA. NA WEWE?

Papa Nathalie aliandika kwamba naye amekula ugali na dagaa hao wa ziwa Kivu. Kisha akaandika: UNASIKIA BARIDI? Kioo kilitulia kidogo, halafu kikajibu:

NIKO NANGOJA PAPA.

Gisèle alitaka kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, lakini mwalimu alikwisha kumsikia. Hakuruka wala hakuzima mashine.

"Baridi sikuiweka," alisema kwa utulivu, kama anayesahihisha zoezi. "Ndiyo maana imejibu ile ya mwisho. La sivyo."

Ndipo alipomweleza. Vita ilipoingia Bukavu mwaka tisini na sita, watu walitoka mjini kwa miguu kuelekea Kavumu. Mke wake alikuwa amekufa zamani, wakati wa kujifungua. Alikuwa na Nathalie, mtoto wa miaka kumi, na mama yake mzazi ambaye miguu ilimshinda akabaki nyuma. Karibu na soko moja la barabarani alimketisha mtoto juu ya mizigo, akamwambia, "Ngoja hapa," akarudi kumchukua bibi. Risasi zikaanza nyuma yake, njia ikafungwa. Alipopata kupenya kwa njia nyingine, pale sokoni hapakuwa na mizigo, hapakuwa na mtoto, wala soko lenyewe halikuwepo tena.

"Nikamuandika humu," alisema, "ili nisisahau vile alikuwa anasema. Lakini nimeanza kusahau. Majibu inaniishia." Alimtazama Gisèle usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mutoto mwanamuke. Unajua namna mutoto anajibu papa wake. Nisaidie."

Gisèle alipaswa kukataa. Miaka mingi baadaye alikuwa akijiambia hivyo kila alipokumbuka. Lakini alikuwa na miaka kumi na saba, mwalimu wake alikuwa amemwomba, na kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu yeyote: alikuwa na hamu ya kumjibu baba.

Akakaa akaandika. Kwanza aliuliza kila kitu: Nathalie alipenda nini, aliogopa nini, alimwitaje bibi yake. Mwalimu alijibu alichoweza, na alipokwama, Gisèle alijaza mwenyewe. Aliifanya mashine itafute neno ndani ya sentensi, ikikuta *kula* ijibu la kula, ikikuta *shule* ijibu la shule. Aliifanya ichague kati ya majibu kadhaa kama anayerusha kete, ili isirudie lile lile. Mwalimu alipoandika kuhusu mvua, mashine ilijibu: MVUA IMENYESHA. LEO UTARUDI MAPEMA. Hilo lilikuwa la Gisèle kabisa. Baba yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka huko Uvira, na mvua ikinyesha alifunika cherehani, akarudi nyumbani.

Papa Nathalie alibadilika. Akawa anakula, akawa anatania wanafunzi. Kila alasiri aliingia ukumbini kama mtu anayekwenda kumtembelea mgonjwa aliyeanza kupata nafuu.

Habari zilivuja kwa sababu ya Kabagambe, mtunza ukumbi, Mnyankore mwenyeji wa huko, mtu mzima aliyekuwa akifagia na kufunga madirisha. Siku moja mwalimu aliitwa nje kwa ghafla akaacha mashine imewashwa. Kabagambe alipokuwa akifuta meza, kitambaa kiligusa vitufe. Wanafunzi walimkuta uani ametupa fagio.

"Mwalimu, hii mashini iko na mtu ndani!" alipiga kelele. "Mimi nafuta meza tu, yeye nasema iko nangoja! Mimi nagusa tena, nasema ile ile! Nangoja nani?"

Wengine walicheka, lakini si wote. Mzee mmoja wa kanisa alipanda gari kutoka kambini akaja kumhoji Papa Nathalie mbele ya darasa zima.

"Ni kweli unaita wafu?"

"Hapana."

"Huyu Nathalie si amekufa?"

"Hakuna muntu aliniambia amekufa," alijibu Papa Nathalie.

Mzee alifanya maombi marefu, akaweka mkono juu ya kila kompyuta, na alipoifikia ile ya pembeni mkono ukasita hewani. Tangu siku hiyo wasichana wawili hawakurudi darasani, na Kabagambe akawa anafagia hadi katikati ya chumba tu.

Kilichomtisha Gisèle kilikuwa kingine. Jioni moja mwalimu alimwita, uso wake umekunjamana.

"Hii ya mvua," alisema akionyesha kioo. "Ni yangu ao ni yako?"

"Ni yangu, Mwalimu."

Aliusoma tena ule mstari. "Mimi nilikuwa nimeshakumbuka hiyo siku," alisema. "Nilikuwa namuona kabisa kwenye mulango, ananiambia vile."

Gisèle aliuliza kama aifute. Mwalimu alitikisa kichwa. Kuanzia hapo Gisèle hakuongeza jibu lingine hata moja, lakini yale yaliyokuwemo yalikuwemo.

Mafunzo yalikufa mwaka 2002, wafadhili walipoacha kuleta chochote. Kompyuta ziligawanywa, na Papa Nathalie akapewa ile ya pembeni. Kwa kweli hakuna mwingine aliyeitaka. Alipanga chumba nyuma ya duka mjini Mbarara, akawa anawachapia watu barua na maombi ya kazi. Gisèle alipata kazi Bwizibwera, si mbali na Mbarara, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako mwenye kituo alitaka hesabu ya lita za kila mfugaji iwekwe ndani ya kompyuta. Aliitengeneza programu hiyo mwenyewe, na wafugaji walikuja kuchungulia majina yao yakipita kwenye kioo. Kila alipoandika *la sivyo* la mwisho, alisimama kidogo kabla ya kuliandikia jibu.

Mwaka 2004, wakati wa kiangazi, malori yalileta watu wapya Base Camp, penye ofisi za kambi ya Nakivale. Perpétue alikwenda kupokea, kama walivyofanya akina mama wa Kashojwa, wakitafuta sura za kwao. Msichana mmoja mrefu, mwenye kovu kwenye taya, aliulizwa jina akajibu kwamba yeye ni Nathalie, mtoto wa Néhémie wa Bukavu, yule wa mashine. Perpétue aliketi chini palepale kwenye vumbi.

Gisèle ndiye aliyempeleka Mbarara. Njiani msichana hakusema chochote ila kuuliza kama baba yake anaona vizuri bado. Walipofika, Papa Nathalie alikuwa ameinamia kazi ya mteja. Aliinua kichwa, akatazama, akashika meza.

"Nathalie," alisema. "Uko?"

"Niko hapa," alijibu msichana.

Hakusema *papa*. Gisèle peke yake ndiye aliyeliona hilo, kwa sababu baba mtu alikuwa amekwisha kuanguka mabegani mwake, analia kwa sauti, na watu wa dukani wakija mbio kuuliza nani amekufa.

Kanisa liliimba. Watu walitoka kambini kuja kuona. Baada ya wiki kadhaa, wageni walipokwisha, baba na mtoto walibaki wawili ndani ya kile chumba, na hawakuwa na la kuzungumza. Nathalie alikuwa amekulia msituni upande wa Walikale, kwa mama mmoja aliyemwokota, kisha Goma. Alikuwa amezaa mtoto akamzika. Alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kilingala cha askari, alikula haraka akiwa ameupa ukuta mgongo, na kelele ya bodaboda ilimfanya ashike kitu chochote kilichokuwa karibu. Baba alimuuliza amekula, akajibu ndiyo. Alimuuliza amelala vizuri, akajibu ndiyo. Basi akageuza kiti, akaifunua mashine.

Nathalie alimfuata Gisèle Bwizibwera. Alimkuta kati ya mikebe ya maziwa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Ni wewe uliniandika?" aliuliza.

Gisèle aliweka kalamu chini. "Ni yeye. Mimi nilimsaidia."

"Anaongea nayo kila siku. Mimi niko nyuma yake nimekaa juu ya kitanda, yeye anaiuliza kama nimekula." Hakupaza sauti. "Nifundishe kuisoma."

Walikwenda Jumapili, Papa Nathalie akiwa kanisani. Gisèle aliwasha mashine, akaifungua programu ndani, akamwonyesha jinsi swali lilivyofungwa kwa jibu. Nathalie alifika darasa la nne tu, lakini alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Hii yangu," alisema. "Hii siyo yangu. Hii siyo. Hii… sijui. Hii siyo." Kidole kikasimama. "Sambaza? Nani aliandika sambaza?"

"Papa yako. Hilo ni lake mwenyewe."

"Sambaza ilikuwa inanitapisha. Hata harufu. Bibi ndiye alipenda."

Gisèle hakujua aangalie wapi. Aliyemwandika hakuwa Nathalie hata pale alipodhani kwamba ni Nathalie. Alijisikia kama mtu aliyeingia chumba cha mgeni akavaa nguo zake. Nathalie aliendelea kushuka na mistari, akapita ya mvua bila kusema neno, hadi akafika chini kabisa, kwenye lile jibu la mambo yasiyojulikana. Alilisoma. Mkono wake ukashuka mapajani.

"Hii?"

"Hiyo aliiandika ya kwanza, kabla sijaja."

"Sikungoja," alisema Nathalie.

Mlango ulikuwa wazi, na kwa nje zilisikika nyimbo za makanisa mengi zikigongana.

"Alipopita tu kwenye kona, milio ikaanza. Mama mumoja alipita anakimbia na mutoto mugongoni. Nikashika kitenge yake. Sikuangalia nyuma, Gisèle. Sikungoja hata kidogo."

"Mwambie."

"Nitamwambia nini? Anampenda ule aliyengoja."

Papa Nathalie aliwakuta hivyo, amevaa koti lake, Biblia mkononi. Aliona programu imefunguliwa matumbo kwenye kioo, akamtazama Gisèle kwa hasira ambayo Gisèle hakuwahi kuiona. Kabla hajafungua kinywa, binti yake alisimama.

"Papa, sikungoja."

"Nini?"

"Ile siku ya Kavumu. Uliniambia ningoje. Sikungoja."

"Ulingoja," alisema yule mzee. "Nilikuambia ungoje. Ulikuwa mutoto wa kusikia."

"Nilikimbia papo hapo."

Aliketi kitandani. Alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, papa."

"Miaka yote hii nakuona umekaa juu ya ile mizigo. Nikila, nakuona. Nikilala. Jua linakuchoma, wewe unaangalia barabara tu." Aliweka Biblia kitandani. "Na mizigo?"

"Niliiacha."

"Basi ulifanya vizuri," alisema. "Ulifanya vizuri sana, mutoto wangu. Ungengoja, ungekufa."

Maneno yalikuwa mazuri, na aliyasema kwa dhati. Lakini Gisèle alimtazama usoni, na hakumwona mtu aliyetuliwa mzigo. Alimwona mtu aliyepokonywa kitu. Mtoto wa juu ya mizigo alikuwa ameishi naye kwa miaka minane, alikuwa akimsindikiza kila mahali, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba hapakuwa na mtoto pale. Gisèle aliuliza, kwa sauti ndogo, kama azime. Alizima, akatoka, akatembea hadi kituo cha magari.

Baba na binti walihamia Kashojwa mwaka huohuo. Waliibeba ile kompyuta kwenye lori ikiwa imefungwa kwenye gunia, ingawa kijijini hapakuwa na umeme, ikakaa pembeni mwa nyumba imefunikwa kitenge. Walilima mahindi. Watu walisema wanaelewana. Gisèle alipita kuwasalimu kila alipomtembelea mama yake, na walimkaribisha vizuri, na hakuna aliyeitaja ile Jumapili.

Kisha kichwa cha Papa Nathalie kikaanza kumtoroka. Kwanza yalikuwa majina, halafu njia ya kwenda kisimani, halafu sura. Mwaka 2010 Gisèle alifika asubuhi na kibuyu cha maziwa. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, amekonda, koti limemzidi. Ile kompyuta haikuwepo tena; panya walikuwa wamekula nyaya zake, na fundi wa redio akalichukua ganda. Nathalie alisogea amwinue baba yake, naye akamsukuma kwa adabu.

"Asante, mama," alimwambia binti yake. "Usijisumbue. Mutoto wangu atakuja. Umemuona mutoto wangu? Mudogo, wa miaka kumi." Pumzi zilianza kumpanda, macho yakahangaika. "Nimemuacha kwenye mizigo. Yuko peke yake kule. Nathalie! Nathalie, uko?"

Nathalie alisimama, akapita pazia la chumba cha ndani, akaketi nyuma yake mahali ambapo baba hakuweza kumwona.

"Niko, papa," alisema.

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtoto, na haikuwa na haraka.

Mzee alitulia papo hapo. "Umekula?"

"Nimekula bugali na sambaza. Na wewe?"

"Nimekula. Shule je?"

"Mwalimu ameniweka kiti cha mbele."

Hilo la kiti Gisèle alikuwa amelitunga mwenyewe, alasiri moja Mbarara, akiwaza kiti alichokalia Uvira. Yalikuja mengine, moja baada ya moja, bila kukosea neno. "Mvua imenyesha," ilisema ile sauti nyuma ya pazia, nje jua likiwa linawaka. "Leo utarudi mapema." Gisèle aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amemwandikia baba yake aliyekufa, na mtu aliye hai, akiwa kitandani nyuma ya baba kule Mbarara, alikuwa amejifunza maneno hayo kwa moyo ili awe mtoto wa baba yake.

"Nathalie," aliuliza mzee, "unasikia baridi?"

Nyuma ya pazia pakawa kimya. Gisèle alijua ni jibu gani lililobaki, akaomba asilisikie.

"Nilishafika, papa," alisema Nathalie, na mara hii ilikuwa sauti yake ya kweli, nzito. "Kitambo."

Mzee aligeuza kichwa kuelekea pazia, akalitazama kwa muda mrefu. Kama alielewa, hawakujua. Alilala usingizi.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa kupanda. Walimzika Kashojwa, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na katika mazishi wote bado walimwita Papa Nathalie, ila safari hii mwenye jina alikuwa amesimama pale akitupa udongo.

Asubuhi ya kumaliza matanga, Gisèle na Nathalie walibaki nyuma ya nyumba wakiosha sahani za kuazima. Perpétue alikuwa akizipanga juani ili kila mwenye yake aitambue. Gisèle alikuwa amebeba maneno kwa mwaka mzima, akayatoa.

"Nisamehe kwa yale majibu."

"Yalinisaidia," alisema Nathalie. "Yangu mimi hakuwa anayasikia. Yako alikuwa anayasikia." Alisugua sufuria kwa majivu. "Lakini nilikuwa najiuliza. Ile ya mvua. Haukuwa unamwambia papa yangu."

"Hapana."

"Ni nani?"

Perpétue, aliyekuwa ameinama juani, aliacha kupanga sahani. Kwa miaka kumi na mitatu yeye na binti yake hawakuwahi kulitaja lile jina, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

"Ni papa," alisema Gisèle.

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

Gisèle alifungua kinywa na hofu ikamshika. Hakujua tena alichokumbuka kweli na alichokiandika. Alimwona baba yake akiwa mrefu, lakini pengine urefu ule ulikuwa wa Papa Nathalie. Alitafuta kitu kimoja ambacho hakuwahi kumpa mtu wala mashine yoyote.

"Alikuwa anashona huku pini ziko mdomoni," alisema polepole, "na bado alikuwa anaimba. Mama alikuwa anaogopa atazimeza."

"Hakuwahi kumeza," alisema Perpétue. Alikuwa amekuja, akavuta kigoda, akaketi kati yao mikono ikichuruzika maji. "Na hakujua kuimba, masikini. Jina lake alikuwa Bienvenu. Alikuwa mufupi, mufupi kuliko mimi, na alikuwa anakasirika ukimwambia."

Gisèle alimtazama mama yake. "Mufupi?"

"Sana," alisema Perpétue, na akaanza kusimulia.